Nauza spea Igurusi, lakini za palizi sina

Duka langu lipo Igurusi, kando ya barabara kuu iendayo Mbeya. Ukitaka kujua mashamba ya mpunga ya bonde la Usangu yamefika wapi msimu huu, huna haja ya kushuka majarubani, njoo usimame nami kaunta. Novemba na Desemba wanatafuta meno ya rotaveta, sahani za plau na mikanda. Januari wanaingia wana matope mpaka magotini, hawana hata muda wa salamu ndefu, kwa sababu pawatila, yaani trekta dogo la kusukumwa kwa mikono, imekwama katikati ya jaruba na miche inazeeka kitaluni. Kuanzia Mei ni zamu ya wenye kombaini, mashine za kuvunia: visu, filta za dizeli, minyororo, na beringi za ukubwa ambao nilipofungua duka sikuwa nimewahi hata kuzishika.

Katikati hapo, tangu mwishoni mwa Februari mpaka Aprili, duka linapoa. Siku nyingine nauza filta moja na oili ya pikipiki, basi. Nilizoea kuamini kwamba miezi hiyo kazi ya shamba imepungua, watu wanasubiri mpunga ubebe. Lakini mimi nimezaliwa Usangu, nimelelewa na mwanamke aliyepandikiza mpunga wa watu tangu nikiwa mgongoni kwake, na najua Machi ikoje. Machi ni palizi. Watu wamo ndani ya maji, wameinama tangu asubuhi, na wengi wao ni wanawake. Kazi ipo, tena ndiyo inayovunja mgongo kuliko zote. Ila haina mashine, kwa hiyo haina spea, kwa hiyo haionekani kaunta kwangu.

Tunapozungumza habari ya mashine kuenea mashambani, huwa tunahesabu matrekta. Takwimu za wizara za miaka ya 2000, ambazo zimerudiwa kwenye mikutano mpaka kila mtu amezikariri, zilisema asilimia 70 ya eneo letu inalimwa kwa jembe la mkono, 20 kwa wanyamakazi na 10 kwa trekta. Ni takwimu nzito na wala sizipingi. Lakini zisome tena. Zinahusu kulima tu, kule kugeuza ardhi. Hakuna asilimia ya palizi humo, wala ya kupandikiza. Nchi imejiwekea kipimo cha maendeleo ya zana za kilimo, na kipimo chenyewe kinaishia siku ambayo trekta linatoka shambani. Mwanamke anaingia kesho yake.

Niseme kidogo mashine zilivyotufikia sisi, kwa sababu hazikuja zote siku moja na hazikuja kwa kila mtu.

Mashamba makubwa ya serikali hapa bondeni, lile la Mbarali lililojengwa kwa msaada wa Wachina miaka ya 1970 na la Kapunga lililofuata baadaye, yalikuwa chini ya NAFCO, shirika la umma la kilimo na chakula, na yalikuwa na matrekta na kombaini zake. Wakulima wadogo walioyazunguka walikuwa na jembe na mundu. Mama aliziona kombaini hizo akiwa ng'ambo ya mfereji. Alichonieleza mimi ni vumbi lake na jinsi zilivyomaliza shamba lote kabla jua halijapinduka, wakati wao walikuwa bado wanafunga miganda. Fundi mzee aliyenifundisha majina ya spea naye alitokea karakana ya shamba la aina hiyo. Mashamba yalipobinafsishwa, mafundi kama yeye walibaki na ujuzi mikononi bila mwajiri. Walifungua gereji barabarani, chini ya miti, na kwa maoni yangu hao ndio walioandaa njia ya pawatila kuliko semina yoyote.

Mwaka 2009 ikaja Kilimo Kwanza, mpango wa serikali wa kuinua kilimo. Halmashauri nchi nzima zikanunua pawatila na kuzigawa kwa vikundi. Zipo wilaya ambako ziliishia kuvuta tela la maji, tofali na abiria, na watu wakazibeza. Mimi siwezi kuzibeza, kwa sababu hapa Usangu zilifanya kazi na zinafanya mpaka leo. Tofauti iko kwenye udongo na maji. Pawatila ina injini ndogo, nguvu za farasi 12 mpaka 16 hivi, na ni nyepesi. Ukiipeleka kwenye ardhi kavu ya Oktoba, ngumu, iliyokanyagwa na ng'ombe, inaruka juu tu na kumtikisa dereva mikono. Ukiiingiza kwenye jaruba lililolowekwa, ukaivisha magurudumu yake ya chuma, meno ya rotaveta yanavuruga tope laini kama uji na miche inashika vizuri. Mashine ileile, nchi ileile.

La pili ni spea. Waingereza walipoanzisha mradi wa karanga Kongwa mwaka 1947, walileta hadi vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Udongo ulikauka ukagoma, visiki na mibuyu vikavunja vyuma, na karakana hazikuweza kwenda na kasi ya uharibifu. Kufikia 1951 mradi ulikuwa umekufa, baada ya kumeza zaidi ya paundi milioni 35. Mtu mwenye duka la spea akiisoma historia ile anaona jambo moja kwanza: mashine nyingi kuliko mafundi. Hapa kwetu mkanda ukikatika saa nne, saa sita umeshafungwa mwingine. Mkulima akijua hivyo, ananunua. Akijua kwamba spea mpaka iagizwe Dar es Salaam na ifike kwa basi keshokutwa, wakati maji ya zamu yake yanapita leo, hanunui hata ukimkopesha.

Halafu zikaja kombaini ndogo, na hapa nitakaa kidogo.

Hizi si zile kubwa za mashamba ya serikali. Ni zile zinazotambaa kwa mikanda mipana ya mpira ili zisizame, zenye upana wa kukata wa mita mbili hivi. Zimeenea kwa wakulima wadogo katika miaka ya 2010 na kuendelea, nyingi zikimilikiwa na watu wachache wanaozunguka nazo toka skimu moja ya umwagiliaji hadi nyingine, wakitoza kwa ekari. Inakata, inapura, inapepeta, inaweka kwenye magunia. Ekari iliyokauka vizuri inaisha kwa saa moja hivi. Kwa mundu, ekari hiyo ni kundi la watu kutwa nzima kukata tu, kisha siku ya kupiga kwenye turubai, kisha kungoja upepo wa kupepetea. Na wakati unangoja, kwelea kwelea hawangoji. Ng'ombe nao wakishuka bondeni kutafuta mabua hawaulizi kama umemaliza. Mpunga uliokomaa ukipigwa na jua mchana na umande usiku unapasuka ndani kwa ndani, ukiupeleka mashineni unatoa chenga, na mnunuzi wa chenga anajua kabisa kukukandamiza bei. Kwa hiyo mkulima anayeita kombaini hafanyi anasa. Anaokoa mchele wake.

Lakini kombaini ina masharti, na masharti hayo yamebadilisha hata ujirani. Lazima ukaushe jaruba wiki mbili hivi kabla. Kama jirani yako wa juu alichelewa kupandikiza na bado anataka maji, maji yake yanavuja kwako na kombaini haiingii. Ndipo ugomvi unapoanza, na ndipo pia busara inapoanza: nimeona watu wa mfereji mmoja wakikaa na kukubaliana wiki ya kupanda na aina ya mbegu, wote SARO 5 au wote Kilombero, ili wakomae pamoja na mashine ije mara moja. Viongozi wa vyama vya umwagiliaji walihubiri mpango huo miaka mingi bila kusikilizwa. Mashine ilipokuja na bei yake, watu wakaelewana.

Sharti jingine ni kuanika. Zamani miganda ilikaa shambani ikakauka kabla ya kupigwa. Kombaini inakupa magunia yenye mpunga mbichi siku hiyohiyo. Ukiyapanga ghalani bila kuanika, yanapata joto, mchele unageuka njano na kunuka uvundo. Kwa hiyo mtu aliyekuwa akipeta sasa anaanika, anageuza kila baada ya muda, anafukuza kuku na mbuzi, anakusanya mawingu yakionekana. Na mtu huyo, ukipita mtaani kwetu mwezi wa sita, utamwona ni nani.

Sasa suala la malipo. Mundu ulikuwa na mshahara. Wanawake na vijana walioshika mundu walilipwa, kwa fedha au kwa madebe ya mpunga, na madebe hayo ndiyo yaliyokuwa akiba ya chakula kwa mama asiye na shamba lake. Mama yangu hakuwa na jaruba hata moja kwa jina lake. Chakula chetu cha Agosti mpaka Desemba kilitoka kwenye mundu wake. Walikuwapo pia wabibi waliopita nyuma ya wavunaji wakiokota masuke. Kombaini ina dereva na msaidizi wake, na sijawahi kumuuzia spea dereva wa kombaini aliye mwanamke. Malipo yaliyokuwa yanagawanyika kwa mikono mingi sasa yanaingia mifuko michache, na mifuko yenyewe ni ya wanaume. Sisemi kombaini iondoke. Nimeshaeleza inaokoa nini, na mgongo wa mama yangu ungeishangilia. Nasema kwamba wanawake walipoteza kazi iliyokuwa inawalipa, wakabaki na ile isiyowalipa.

Hapo ndipo ninapoona siri ya jambo lote. Mashine inaingia pale ambapo mwanamume mwenye shamba anatoa fedha mfukoni. Kulima kulimgharimu, pawatila ikaja. Kuvuna kulimgharimu, kombaini ikaja. Palizi, kwa kaya nyingi, haimgharimu chochote, kwa sababu inafanywa na mke, binti na mama mkwe. Hakuna anayeandika saa zao popote. Na kitu ambacho hakijaandikwa kama gharama hakuna mtu atakayenunua mashine ya kukipunguza. Niliwahi kumuuliza mteja wangu mmoja, baba muungwana kabisa, ekari tatu zake zinapaliliwa kwa shilingi ngapi. Akanijibu, "Dada, palizi siyo gharama, tunapalilia wenyewe." Alikuwa peke yake dukani. Hao wenyewe walikuwa shambani.

Palizi ya kwanza ni wiki mbili au tatu baada ya kupandikiza, ya pili karibu wiki ya tano au ya sita. Unang'oa ndago, unang'oa majani, na unahangaika na mpunga pori, ambao ukiwa mchanga unafanana na mpunga wenyewe mpaka mgeni anang'oa mpunga na kuacha adui. Mpunga pori ukiuvuta unakatika, mizizi yake inayotambaa chini ya tope inabaki na kuchipua upya. Mama alikuwa anautambua kwa vidole tu, bila kutazama. Miguu kutwa nzima majini, vidole vinatoboka, na kichocho hakijaisha kwenye mifereji yetu.

Msaada pekee uliokuja huku ni dawa ya magugu. Bomba la mgongoni, 2,4-D au nyingineyo, nusu siku ekari imepigwa. Wengi wanaitumia na siwalaumu. Lakini 2,4-D inaua hasa majani mapana. Nyasi na mpunga pori vinabaki vinacheka, na palizi ya mkono inarudi palepale. Na nimeona akina mama wakichanganya dawa kwa mikono mitupu kwenye ndoo ileile ya kuchotea maji, mtoto pembeni. Glavu ninauza. Hakuna anayenunua glavu.

Mashine ya palizi ipo. Si ndoto. Ni fremu ya chuma yenye mpini mrefu, mbele ina kitu kama mtumbwi mdogo cha kuelea juu ya tope, nyuma ina madramu mawili yenye meno. Unasukuma ukiwa umesimama wima, mbele na nyuma, katikati ya mistari. Inang'oa magugu na kuyazika palepale yakaoza, na inapitisha hewa kwenye mizizi. Wale wa kilimo shadidi wanaifahamu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine walikifanyia kazi kilimo hicho na wakulima wa Mkindo kule Mvomero: mche mmoja mchanga kwa shimo, nafasi ya sentimita 25 kila upande, maji ya kuingiza na kutoa badala ya kufurika. Kusukuma ukiwa umesimama, na kuinama kutwa nzima, si kazi moja. Asia kuna hata zenye injini ndogo ya petroli. Fundi yeyote wa kuchomea hapa Igurusi anaweza kutengeneza ile ya kusukuma, haina siri.

Basi kwa nini haijaenea? Kwa sababu inataka mistari. Mistari inataka kamba yenye mafundo, watu wawili wa kuishika, na kupandikiza kwa uangalifu, na vibarua wa kupandikiza wanadai bei kubwa zaidi kwa ekari ya mistari, tena wana haki, kwa sababu inachelewesha. Sasa tazama hesabu ya baba mwenye shamba. Kupandikiza analipa yeye, kwa fedha taslimu, Januari ambapo mahitaji ya shule yamemkausha. Palizi ya Machi analipa mke kwa mgongo wake. Ukimwambia aongeze gharama Januari ili kupunguza kazi ya Machi, unamwambia atoe fedha zake kununua nafuu ya mtu mwingine. Wengi wanakataa, na hawakatai kwa ubaya. Hawajawahi kuiona hesabu yote imeandikwa kwenye karatasi moja.

Kwa hiyo mimi nimeanza kuiandika. Mke na mume wakija pamoja dukani, na msimu wa kununua wanakuja pamoja, ninawatolea daftari. Tunaandika kulima, kuvuruga, miche, kupandikiza, kisha palizi ya kwanza: watu wangapi, siku ngapi, kwa bei ambayo kibarua wa nje angelipwa. Palizi ya pili vivyo hivyo. Safari iliyopita mume mmoja alinyamaza muda mrefu akiutazama mstari ule, halafu akamuuliza mkewe kama kweli ni siku zote hizo. Mkewe akasema bado hawajahesabu za mtoto.

Serikali imeongeza fedha. Bajeti ya Wizara ya Kilimo ilipanda kutoka shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi bilioni 954 mwaka 2022/23, na nimefurahi kama mkulima yeyote. Ninachoomba ni kwamba kila linapotajwa suala la zana za kilimo, palizi iwemo ndani. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi, 4 kati ya hizo ikiwa ya wanawake. Vikundi vyetu vinaomba cherehani, mashine ya kusaga, kuku. Ni vizuri. Lakini kikundi cha wanawake kumi wa mfereji mmoja wakiwa na mashine za palizi tano na kamba zao wanaweza kupalilia mashamba yao kwanza, kisha kukodisha, na malipo yale ya mundu yaliyowatoka yakarudi kwa mlango mwingine. Magugu yaliyo ndani ya mstari, shina kwa shina, pamoja na mpunga pori, bado yatataka mkono. Hakuna mashine ya kusukuma inayotofautisha mpunga na ndugu yake. Lakini sehemu kubwa ya tope ni katikati ya mistari.

Mimi na fundi wa kuchomea wa jirani yangu tumeshakubaliana. Amechukua sampuli, ameongeza urefu wa mpini maana ile ya kwanza ilimlazimisha mwanamke mrefu kuinama tena, na meno anayatengeneza kwa bamba ninaloweza kulipata bila kuagiza mbali. Bushi na bolti zake nitakuwa nazo dukani mwaka mzima, hata zikikaa bila kuuzwa. Nitauza, na kwa vikundi nitakodisha kwa siku, mkilipa baada ya mavuno.

Akina mama wa skimu za karibu, njooni mwezi wa kumi na moja, msisubiri Machi. Njooni na waume zenu kama mnao. Mistari inaamuliwa siku ya kupandikiza; miche ikishapandwa bila kamba, mashine haina pa kupita mpaka msimu mwingine. Kamba zenye mafundo ya sentimita 25 nimeshaanza kuzifunga, zipo nyuma ya kaunta, na hizo nitatoa bure kwa atakayekuja na kikundi.